Nanasi la Kuchemsha

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia, na nina ugonjwa wa walimu: swali likiulizwa siwezi kunyamaza. Hata jibu nisipolijua sawasawa, mdomo unatangulia. Marehemu mama yangu kule Kondoa alikuwa akiniambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nikimcheka, maana nilijiona msomi. Katika maisha yangu yote nakumbuka siku moja tu ambayo nilitakiwa kusema maneno mengi nikasema machache. Habari ya siku hiyo watu wa huku wameshaisimulia vibaya, na ubaya huo waliupata kwangu.

Nilihamishiwa Kibondo kutoka Kasulu, kwenye shule ya kata upande wa kwenda Mabamba. Barua ya uhamisho nilipoipata nililia, sina sababu ya kuficha. Kasulu nilikuwa na marafiki, nilikuwa na mahali pa kuswali hatua chache kutoka nyumbani, na nilikuwa nimeshazoea baridi yake. Huku nilipanga vyumba viwili vilivyopakana ukuta mmoja na nyumba ya dada mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akikaa na mama yake. Mama mtu alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, akakaa kambini, akaolewa, akazaa. Sasa wote ni raia, wana maharage na migomba yao, na Jumapili wanakwenda kanisa lao la Kipentekoste. Mume wa yule dada yuko machimboni Geita, na huja nyumbani kwa nadra.

Yule dada ndiye aliyenifundisha kuishi huku. Alinifundisha kusalimia “mwidiwe” na kusubiri nijibiwe kabla ya kuanza shida zangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya watu wa mjini. Alinishonea gauni la Idi akakataa nimshukuru. Alikuwa mtani hasa. Akiniona nanunua mananasi mawili matatu kwa siku, alisema nimetoka kwenye ukame na sasa nalipiza kisasi. Alisema kweli. Kondoa nilikokulia, nanasi lilikuwa tunda la kumpelekea mgonjwa aliyelazwa, tena likatwe vipande vyembamba ili litoshe. Huku yamerundikwa kando ya barabara, na msimu ukikolea watu hawasumbuki hata kuyaokota yaliyoanguka.

Alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, hospitali ya mjini. Wiki mbili baadaye mguu wa kushoto ulivimba kuanzia pajani, ukawa mwekundu, wa moto. Mama yake alidhani ni jipu la ndani. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania arudishwe hospitali, na hilo nililifanya vizuri, nalikumbuka kwa sababu ndilo jema pekee nililolifanya. Wakampima kwa ile mashine ya kuangalia ndani ya mwili, wakaona damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Mbeya kwa lafudhi yake, na alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi darasani. “Dada, nakupa sindano za siku chache, halafu vidonge. Watu wanaviita vya kuyeyusha damu, lakini haviyeyushi kitu. Vinazuia bonge lisikue na lisizaliwe jingine. Kulivunja, mwili wako utalivunja wenyewe, taratibu, kwa miezi. Kwa hiyo usiache hata mguu ukipona. Bonge likikatika likapanda kwenye mapafu, hatutawahi.” Akamwambia arudi mara kwa mara kupimwa damu, asimeze dawa nyingine yoyote bila kumwambia, na akiona anavuja damu aje siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimempakata mtoto, naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa mbele.

Vidonge vilimtisha tangu siku ya kwanza. Alipopiga mswaki fizi zilitoa damu kidogo, akaniita nije kuona mate yake. Huku mtu akisikia damu inakuwa nyepesi, anasikia damu inakwisha, na mwanamke aliyetoka kujifungua ameshaambiwa na kila mtu kwamba damu yake ni ndogo. Tena kwenda kupimwa ni safari ya pikipiki na kushinda kwenye foleni na mtoto mchanga. Alikuwa anakwenda, lakini alikuwa anakwenda kwa hofu.

Hapo ndipo nilipoingia na elimu yangu. Nilikuwa natayarisha somo la vimeng'enya, vile vitu vya mwilini na kwenye mimea vinavyokata chakula vipande vipande, ambavyo wanafunzi wangu wanaviita enzaimu na kuvisahau baada ya mtihani. Usiku nikipekua simu nilikuta maandishi kwamba kimeng'enya cha nanasi, hasa kile kinachokaa kwenye kigutu kigumu cha katikati, kinachunguzwa na wataalamu kwa uwezo wa kuvunja damu iliyoganda. Nilisoma kwa furaha ambayo leo naionea aibu. Nanasi! La hapa hapa, la kuokota! Nikajiona kama mtu aliyekanyaga dhahabu uani kwake.

Jumamosi nilikwenda kwa mchinjaji nyuma ya soko, nikaomba damu ya mbuzi kwenye kopo. Hadi nafika nyumbani ilikuwa imeshaganda. Dada alikuwa barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, akaangua kicheko. “Jamani, Mwislamu anatembea na damu! Leo nimeona!” Nikamwambia asubiri aone maajabu. Nilikata mabonge mawili sawasawa, nikaweka kila moja kwenye glasi yake. Glasi moja nilitia maji. Nyingine nilitia maji ya kigutu cha nanasi bichi nililolikwaruza na kulikamua kwa kitambaa. Nikaziweka dirishani, kwenye jua.

Nilipomaliza kuswali alasiri nikatoka kutazama. Bonge kwenye maji lilikuwa vile vile. Kwenye glasi ya nanasi lilikuwa limelegea, limebaki vinyuzi vichache vinavyoelea kwenye maji ya rangi ya kahawia. Nilipiga makofi. Dada hakupiga. Aliinyanyua ile glasi akaitikisa, akaitazama kwa muda mrefu mno kuliko mtu anayetazama maajabu.

Nikamweleza. Damu ikiganda inajifuma nyuzi za protini, na kimeng'enya cha nanasi kinakata protini. Ndicho kinachokuwasha ulimi ukila nanasi jingi. Papai nalo lina chake, ndiyo sababu watu hufunga nyama ngumu kwenye majani ya mpapai.

“Kwa hiyo bonge langu nalo,” akasema.

“Wataalamu wanatafuta dawa humo,” nikasema. “Bado wako maabara. Ukinywa ni habari nyingine, maana tumbo nalo linakimeng'enya hicho kimeng'enya.”

Hayo ya mwisho niliyasema nikiwa nimempa mgongo, naosha glasi. Yalikuwa ndiyo maneno ya maana kuliko yote niliyosema siku ile. Niliyatupa kama mtu anavyomwaga maji machafu, nikaingia ndani kupika.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka mbio kwenda shule, nimechelewa, naye akaniwahi mlangoni. “Mwalimu, nikinywa hiyo nanasi na vidonge pamoja?” Nilikuwa nimesoma kwamba vyote viwili vinaweza kumfanya mtu avuje damu. Nikasema, “Usichanganye kabisa!” Nikaenda zangu. Sikumwambia aache kipi. Kwangu lilikuwa jambo la wazi. Lakini huku, na hata kwetu Kondoa ningekumbuka kama ningetulia, kila mtu anajua dawa ya hospitali na dawa ya mti hazikai tumbo moja: ukianza ya mti, ya hospitali unaiweka kando hadi umalize. Mama yangu mwenyewe alifanya hivyo maisha yake yote. Nilimjibu mtu aliyekuwa akichagua, na mimi nilidhani hakuna cha kuchagua.

Kwa wiki zilizofuata niliona maganda ya nanasi kwenye shimo lao la taka. Yaliongezeka. Niliyaona nikafurahi, nikasema moyoni kwamba walau anakula matunda. Mguu ulikuwa umeshapungua, akitembea vizuri, amerudi kwenye cherehani. Ulipungua kwa sindano na vidonge vya mwanzo, lakini yeye alilishukuru nanasi, na hakuniambia kwa sababu alitaka, nadhani, siku moja anishangaze. Sina uhakika. Huenda aliogopa nitamgombeza, maana na ukali ninao.

Jumapili moja asubuhi alikuwa anafua nepi za mtoto uani. Nilikuwa naanika shuka upande wangu. Akasema, “Mwalimu, kifua,” akakaa chini kwenye matope. Nilipomfikia alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa, na alipokohoa palikuwa na damu kwenye kiganja chake. Tukampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Mama yake akanitupia mkoba wenye kadi ya hospitali, akabaki na mtoto. Kabla hatujafika mjini kichwa chake kiliniangukia begani na sikukisikia tena kikijishikilia. Nilimwambia dereva aendeshe tu. Nilijua, lakini nilimwambia aendeshe.

Daktari alikuwa yule yule. Alisema bonge limepanda mapafuni. Kisha akafungua mkoba wa marehemu kutafuta kadi, akatoa na paketi ya vidonge, nzito, imepungua kidogo tu. Akaigeuza mkononi. “Huyu ameacha siku nyingi. Nani alimwambia aache?”

“Sijui, daktari,” nikasema.

Alizikwa shambani kwao, kando ya migomba. Mume alifika kutoka Geita siku ya pili, amevaa viatu vya kazini, akalia kama mtoto, na baada ya siku chache akarudi machimboni. Mtoto akabaki kwa bibi yake.

Siku ya tatu ya msiba yule mama aliniita jikoni. Waombolezaji walikuwa nje, wanaimba. Jikoni mlikuwa na sufuria kubwa imefunikwa, akaifunua. Ndani mlikuwa na vipande vya kigutu cha nanasi, vimeiva, vimekuwa laini kabisa, na maji yake yameanza kuchacha. Hakuwa ameimwaga tangu Jumapili.

“Mwarimu,” akasema, maana ulimi wake haujazoea kulisema vinginevyo, “nilikuwa namchemshia. Yeye alisema anywe mbichi. Mimi nikasema oya, hapana. Mzazi hapewi kitu kibichi wala cha baridi, tumbo lake liko wazi. Nilichemsha asubuhi, nikachemsha jioni, mpaka inatokota. Sasa niambie wewe uliyesoma. Kuchemsha ndiko kulikoharibu?”

Lazima nieleze vizuri nilivyokuwa najua. Nilijua joto linaharibu kimeng'enya. Hilo hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani analijua, na nanasi likishachemka halina nguvu hiyo tena. Nilijua vilevile kwamba hata angelinywa bichi, debe zima, kile cha kwenye glasi yangu kisingefanyika kwenye mshipa wa paja lake. Nilijua kilichokuwa kinamweka hai ni vidonge, na nilijua vimeachwa kwa sababu ya nani. Mambo hayo yote nilikuwa nayo kichwani kwa wakati mmoja, yule mama amesimama mbele yangu ameshika mfuniko.

“Joto huwa linaharibu, mama,” nikasema.

“Ego,” akajibu. Ndiyo. Akafunika sufuria.

Nikatoka nje nikakaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nilipata nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikaa pale, rafiki yangu amezikwa juzi, nikahisi mzigo umeshuka, na sikujiuliza umeshukia kwa nani.

Nilijua baada ya muda mfupi. Ukuta wetu ni mmoja. Nilimsikia akilia alfajiri, akijisemesha kwa Kirundi, na maneno mawili matatu niliyoyaelewa yalikuwa yanarudi kwenye maji na moto. Mchana alikuwa haonekani kuwa na neno. Alilima, alimlisha mtoto uji na maziwa ya kopo, alinisalimia. Niliponunua sabuni nilimnunulia na yeye. Nilimsaidia kumbeba mtoto kliniki. Nilikuwa jirani mwema kupita kiasi, na kila wema nilioutenda ulikuwa wa kununua kimya changu.

Kisha akaenda kutoa ushuhuda. Kanisani kwao kuna wakati ambapo mtu husimama mbele, akasema Mungu amemtendea nini au yeye amekosa nini, na watu wakamjibu kwa amina. Mimi sikuwapo. Niliambiwa na mwalimu mwenzangu anayesali huko, siku ya pili yake ofisini, huku anasahihisha madaftari. Yule mama alisimama na mjukuu mgongoni, akasema yeye ndiye aliyemuua mwanawe, kwamba dawa ilikuwa ya kweli, mwanawe alionyeshwa ikiyeyusha damu kwenye glasi mchana kweupe, lakini yeye kwa ujinga wa kizamani akaichemsha ikafa. Watu walilia naye. Mwenzangu alimaliza kunisimulia akasema, “Masikini, kumbe tu angempa mbichi.” Nikachukua chaki nikaenda darasani.

Miezi ikapita. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa natafuta nafasi ya kusema. Sikuwa naitafuta. Nilikuwa naikwepa, na ningeendelea kuikwepa kama si muuza mananasi.

Ilikuwa siku ya gulio. Nilikuwa nachagua nanasi, mama muuzaji akanitazama miguu. “Mwalimu, na wewe ni wa mguu? Kama ni la mguu chukua haya ambayo hayajaiva sana. Ukamue kile kigutu unywe hivyo hivyo kibichi. Usije ukachemsha kama yule mama.”

Nikamuuliza nani amemwambia hivyo. Akashangaa. Kila mtu anajua, akasema, ilishuhudiwa kanisani. Kuna mwanamke wa upande wa mpakani, mwembamba, ametoka kujifungua, mguu umemvimba hivi, kila gulio anachukua manne. Hospitali walimpa vidonge, lakini ameviweka kwanza, si unajua havichanganywi.

Niliacha nanasi mezani. Sikumbuki kama niliaga.

Nilimkuta yule mama barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo, mtoto amelala kando yake kwenye kitenge. Jua lilikuwa bado juu. Nilitaka kuanza mbali, kwa salamu na habari za shamba, lakini nikasahau hata salamu.

“Mama, siku ile jikoni uliniuliza swali.”

“Nilikuuliza.”

“Nilikujibu nusu.” Nikapiga magoti. “Kuchemsha hakukumuua. Hata ungempa mbichi, asingepona. Nanasi si dawa ya bonge la mguuni, si bichi si la kuchemsha. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamlinda. Aliviacha kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha ile glasi. Mimi ndiye niliyemwambia asichanganye, nikaenda zangu bila kumwambia aache kipi.”

Mikono yake ilisimama kwenye maharage. Hakunitazama. Alitazama ungo.

“Ulijua siku ile?”

“Nilijua.”

“Siku ile ile? Nimeshika mfuniko?”

“Ndiyo, mama.”

Mtoto alijigeuza, bibi yake akamwekea mkono mgongoni, akampapasa bila kumtazama.

“Miezi saba,” akasema. “Nimesimama mbele ya watu nikasema nimeua. Mkwe wangu akipiga simu sipokei, naona aibu. Na wewe uko hapo. Ukuta huu hauzuii kitu, Mwarimu. Unanisikia nalia. Kila siku unanisikia.”

“Nakusikia.”

“Arafu asubuhi unaniletea sabuni.”

Nilianza kuomba msamaha. Akainua kiganja. “Nyamaza kwanza.” Ni mara ya kwanza mtu kuniambia hivyo tangu niwe mwalimu. Nikanyamaza, na ndani ya kile kimya nikakumbuka kilichonileta, nikamwambia habari za yule mwanamke wa mpakani anayekunywa nanasi bichi. Hapo ndipo aliponitazama. Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akafunika maharage.

“Anakaa wapi?”

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, tukiulizia njiani, kisha tukatembea. Tulimkuta yule mwanamke amekaa mlangoni, mdogo, sidhani kama alikuwa amefika miaka ishirini na tano, mguu ameunyoosha mbele yake, umevimba unang'aa. Pembeni palikuwa na jagi limefunikwa sahani. Yule mama aliitika salamu, akasema tu, “Mwarimu ana neno.”

Nikalisema. Nililisema lote, polepole, kama ninavyopaswa kufundisha na sijawahi. Yule binti alinisikiliza, kisha akageuka kwa yule mama, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni na yeye alikuwa mwenye msiba.

“Lakini wewe ulishuhudia. Ulisema usingechemsha angepona.”

“Nilisema nilivyoambiwa,” akajibu. “Mimi wangu nilimpa nanasi, nimemzika. Vidonge vyako viko wapi? Vichukue, twende kwa daktari sasa hivi, na hilo jagi umweleze.”

Binti alikwenda. Kaka yake alimpeleka kwa pikipiki, na yule mama alisimama barabarani hadi mlio ulipopotea. Nilipokwenda hospitali kumwona wiki iliyofuata alikuwa amelazwa, anachomwa sindano, anamnyonyesha mwanawe. Aliniambia daktari amekasirika sana. Nikasema ana haki.

Lakini nimeruka jambo. Jioni ile, tukirudi, nilimwambia yule mama, “Nisamehe.”

“Leo hapana,” akasema. Tukatembea. “Jumapili utakuja kanisani. Utasimama pale niliposimama.”

“Mimi ni Mwislamu, mama.”

“Najua. Utasimama.”

Nilikwenda. Nilivaa lile gauni la Idi kwa sababu sikuwa na jingine la heshima, nikajifunga ushungi, nikakaa benchi la nyuma hadi nilipoitwa. Watu wote walinijua. Nimewafundisha watoto wao. Yule mama alikuwa benchi la mbele, mjukuu mapajani. Nilieleza glasi. Nilieleza ya mlangoni, nilivyokuwa nimechelewa shule. Nilieleza ya jikoni, nilichojua na nilichosema. Nilisema mama huyu hakumuua mwanawe, alimpikia. Nilisema aliye na vidonge vya hospitali asiviache kwa nanasi, wala bichi, wala la kupika. Sauti yangu, ambayo huvuka madarasa mawili, ilikuwa imekwisha.

Nilipomaliza sikusikia amina. Nilishika meza ya mhubiri nikasubiri mtu anifukuze.

Yule mama ndiye aliyezungumza, bila kusimama, macho yake kwa mjukuu.

“Rudia,” akasema. “Wa nyuma hawakusikia.”

Nikarudia.